Kilima kilichorefuka: kisa cha moyo wa muuza ndizi wa Rungwe

"Kile kilima kimerefuka, mwanangu."

Hilo ndilo jibu nililopewa nilipomuuliza mgonjwa wangu kilichomleta. Alikuwa mama wa miaka 57, muuza ndizi. Nyumba yake iko juu ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, upande wa Kiwira, na shamba lake liko bondeni. Miaka nenda rudi ameshuka alfajiri na kupanda na mkungu kichwani kabla jua halijawa kali. Mwaka huo akaanza kusimama njiani. Kwanza mara moja, penye mparachichi. Baadaye mara tatu. Mwishowe akawa anapanda mikono mitupu, mkungu kabebeshwa kijana, na bado anasimama mara tano. Yeye hakujiona amebadilika. Aliyebadilika ni kilima.

Mambo madogo ya maisha yake nimeyageuza ili asitambulike. Ugonjwa wenyewe nimeuacha kama ulivyokuwa, pamoja na makosa yangu.

Mito mitatu

Alikuwa na kisukari kwa miaka 11. Alipewa metformini na glibenklamidi, akazichukua kliniki bila kukosa, ila alizimeza kisokoni. Siku ya kuwahi gari la ndizi usiku wa manane, vidonge vinamezwa tumboni mtupu. Siku ya msiba havimezwi kabisa. Presha yake ilikuwa ya kupandapanda, si ya kutisha. Sigara hajawahi kuigusa, na pombe aliiacha alipookoka.

Kabla ya kunifikia alikuwa ametibiwa "kifua" mara tatu katika vituo viwili: antibayotiki, dawa ya kikohozi, na mara ya mwisho dawa ya pumu ya kuvuta. Siwezi kuwacheka wenzangu, maana siku ya kwanza na mimi nilisikia mikwaruzo midogo chini ya mapafu, nikakumbuka baridi ya Juni na moshi wa jiko la kuni, nikaandika antibayotiki ya nne. Alirudi baada ya siku tisa, miguu imejaa mpaka juu ya vifundo. Binti yake ndiye aliyenizindua: "Dokta, mama siku hizi halali, anaketi. Ameweka mito mitatu."

Mito mitatu ni lugha ya moyo. Mtu akilala chali, damu iliyokuwa miguuni hurudi kifuani. Moyo ukishindwa kuipokea, maji hupenya kwenye mapafu, na mgonjwa mwenyewe hugundua, bila kufundishwa na mtu, kwamba akiinuka anapata nafuu. Ningemuuliza swali hilo moja siku ya kwanza, angeepuka siku tisa za kuhema.

Vipimo vikaja hivi. Sukari kabla ya kula ilikuwa milimoli 13.1 kwa lita. HbA1c, kile tunachokiita kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ilikuwa asilimia 10.4. Presha 138/86, mapigo 94 kwa dakika. Umeme wa moyo haukuonyesha kovu la mshtuko wa zamani, ila mawimbi yalilala kidogo na muda wa moyo kujichaji upya ulikuwa mrefu kuliko kawaida. Figo zilifanya kazi, japo protini kidogo ilikuwa inavuja kwenye mkojo, na potasiamu ilikuwa 5.1, juu kidogo. Nitairudia hiyo potasiamu.

Eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ndiyo iliyotuchanganya. Kuta za chumba kikuu cha kushoto zilikuwa nene kidogo, milimita 12. Chumba cha juu yake kilikuwa kimetanuka. Vali zilikuwa nzima. Nguvu ya kusukuma damu ilikuwa asilimia 57. Binti aliposikia 57 akaanza kulia, akidhani karibu nusu ya moyo wa mama yake imekufa. Nikamweleza kwamba hakuna moyo unaotoa damu yote iliyomo kwa pigo moja. Wenye afya hutoa kati ya asilimia 55 na 70 hivi. Kwa kusukuma, moyo wa mama yake haukuwa na neno. Mpimaji aliandika chini, kwa mwandiko wa haraka, kwamba moyo unachelewa kulegea.

Tukashuku mishipa ya moyo, kama ambavyo daktari yeyote angeshuku. Kisukari huziba mishipa, na kwa sababu hudhoofisha neva, mgonjwa anaweza kuzibwa bila kuhisi maumivu ya kifua. Mtamba mmoja akauzwa, mama na binti wakasafiri Dar es Salaam, picha ya mishipa ikapigwa. Ikarudi na habari njema iliyoniacha sina la kusema: mishipa iko wazi.

"Sasa kama mabomba yako wazi na pampu inasukuma," binti akaniuliza, "mama anaumwa nini?"

Mwaka mmoja, makala mbili

Swali lake lilikuwa limeulizwa kabla hajazaliwa. Mwaka 1972, Rubler na wenzake huko Marekani waliandika juu ya watu wanne wenye kisukari waliokufa kwa moyo kushindwa. Mili ilipopasuliwa, mishipa mikubwa ya moyo haikuwa imeziba kiasi cha kueleza kifo, wala hapakuwa na sababu nyingine ya kawaida. Wakapendekeza kwamba kisukari chenyewe kinaweza kuugusa msuli wa moyo. Wagonjwa wanne ni wachache, na wengi hawakushawishika. Lakini mwaka 1974 zikatoka hesabu za Framingham, mji wa Massachusetts ambao wakazi wake walikuwa wanafuatiliwa tangu 1948: mwanaume mwenye kisukari alikuwa na hatari ya moyo kushindwa zaidi ya mara mbili ya mwenzake asiye nacho, na mwanamke karibu mara tano, hata baada ya kuzingatia presha, uzito, lehemu na ugonjwa wa mishipa. Mara tano kwa wanawake. Nikifikiria foleni ya kliniki zetu za Jumatano, akina mama na vitenge vyao na vidaftari vyao, na jinsi tunavyowapima kidole na kuwarudisha nyumbani, hesabu hiyo huninyima raha.

Mwaka uleule wa 1972, mbali na vyumba vya wagonjwa, Singer na Nicolson walichapisha maelezo ya jinsi utando wa seli ulivyoundwa, yale ambayo mpaka leo kila mwanafunzi wa biolojia anayakariri. Sidhani kama makundi hayo mawili yalijuana. Ilichukua miaka watu kuona kwamba yalikuwa yanaandika juu ya jambo moja.

Neno letu wenyewe linasaidia hapa. Chemsha maziwa, yaache yapoe, juu yake unapata utando. Mama huyu anatoka Rungwe, maziwa anayajua kuliko mimi. Nikamwambia kila kijisehemu cha moyo wake, kila seli, kimefunikwa na utando kama ule, wa mafuta, ila wa tabaka mbili tu za chembe, mwembamba kiasi kwamba ungepanga takribani elfu kumi ndipo upate unene wa unywele mmoja. Mfano unachechemea, nakiri. Utando wa maziwa umelala tu. Wa seli unatiririka kama mafuta ya uto yaliyopata joto, ukitobolewa kidogo unajiziba, na ndani yake zimeelea protini zinazofanya kazi usiku na mchana: nyingine milango, nyingine pampu, nyingine masikio ya kusikia homoni.

Mama akauliza, "Na huo utando wangu umefanyaje?"

Mlango uliofungwa na mlango uliokwama

Moyo hauna siku ya mapumziko. Kwa mapigo 94 kwa dakika, wa mama huyu ulikuwa unapiga zaidi ya mara 135,000 kwa siku, na kila pigo linadai nishati. Moyo wenye afya hupata sehemu kubwa ya nishati hiyo kutoka kwenye asidi za mafuta, na sehemu iliyobaki kutoka kwenye sukari na vingine, huku ukibadilisha mafuta kwa sukari na sukari kwa mafuta kulingana na kilichopo, kama mama ntilie anayepika kwa mkaa leo na kwa kuni kesho.

Sukari haiwezi kupita kwenye utando wa mafuta. Inahitaji mlango. Kwenye msuli wa moyo mlango mkuu wa wakati wa shibe ni protini iitwayo GLUT4, na jambo la ajabu ni kwamba milango hiyo haikai ukutani. Imehifadhiwa ndani ya seli kwenye vifuko vidogo. Insulini inapogusa sikio lake juu ya utando, taarifa huingia ndani, vifuko husogea, huungana na utando, na milango hujitokeza. Katika kisukari cha aina ya pili insulini ipo, mara nyingi ipo tele, ila taarifa inafifia njiani. Milango inabaki stoo.

Kuna protini nyingine, CD36, inayosaidia asidi za mafuta kuingia. Nayo huhama kutoka stoo kwenda ukutani, lakini kwenye moyo wa kisukari huenda ukutani ikakwama hukohuko. Kwa hiyo mlango wa sukari umefungwa na wa mafuta umekwama wazi. Nje ya seli damu imejaa sukari, ile 13, na ndani moyo unaunguza mafuta karibu peke yake. Mafuta hutoa nishati nyingi, ila yanadai oksijeni zaidi kwa kiasi kilekile cha kazi. Na yanayoingia kuliko yanayounguzwa hugeuka kuwa mabaki, seramidi na jamaa zake, ambayo yanazidi kuififisha ile taarifa ya insulini. Mlango uliofungwa unazidi kufungwa.

Mama akaguna. "Kwa hiyo nina njaa katikati ya shamba la ndizi." Sijawahi kuona kitabu kilichosema vizuri kuliko hapo, nikaandika maneno yake kwenye faili, sehemu ya maelezo ya daktari.

Kwa nini kilima, na si tambarare

Njaa peke yake haielezi moyo unaosukuma asilimia 57 ilhali mwenye moyo anahema. Hapa ndipo kisa kinapokaa, na hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huachwa njiani, kwa sababu tumewazoesha kufikiri kwamba moyo hufanya kazi unapokaza na hupumzika unapolegea. Kulegea ni kazi. Kunalipiwa.

Msuli wa moyo hukaza kalsiamu inapoingia na kumwagika ndani ya seli. Ili ulegee, kalsiamu hiyo lazima iondolewe yote, haraka, dhidi ya mteremko: wakati wa utulivu kalsiamu ya nje ya seli ni nyingi kuliko ya ndani kiasi cha mara 10,000. Sehemu kubwa hurudishwa kwenye ghala la ndani, ambalo nalo limezungushiwa utando wake, na pampu yake huitwa SERCA. Nyingine hutolewa nje ya seli na kibadilishaji kinachoingiza sodiamu tatu ili kitoe kalsiamu moja. Kibadilishaji hicho kinategemea sodiamu iwe chache ndani. Na anayehakikisha sodiamu ni chache ndani ni pampu ya sodiamu na potasiamu, ile aliyoigundua Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957 kwenye neva za kaa, ikampa Nobeli miaka 40 baadaye: sodiamu tatu nje, potasiamu mbili ndani, kwa malipo ya ATP moja, chembe ambayo seli huitumia kama sarafu ya nishati.

Sasa tazama mnyororo. Naranjan Dhalla na wenzake huko Winnipeg, Kanada, walitumia miaka mingi kutenganisha tando za mioyo ya panya waliopewa kisukari na kupima kila pampu. Pampu ya sodiamu ilikuwa imedhoofu. Kibadilishaji kilikuwa kimedhoofu. Uwezo wa ghala kuvuta kalsiamu ulikuwa umeshuka. Hakuna hata kimoja kilichokufa. Vyote vilikuwa vimechoka pamoja. Sodiamu ikibaki ndani, kalsiamu haitoki vizuri. Ghala likivuta polepole, msuli unabaki umekaza nusunusu wakati ulipaswa kuwa laini kupokea damu.

Panya ni panya, na panya wale walikuwa wamechomwa dawa inayoua seli za kongosho, jambo lililo karibu zaidi na kisukari cha aina ya kwanza kuliko cha mama huyu. Nalikumbuka hilo kila ninapochora mchoro huu ubaoni. Lakini eko ya mama ilikuwa imeandika jambo lilelile kwa maneno matatu: moyo unachelewa kulegea.

Na kilima? Moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, kila pigo lina sekunde nzima, na karibu theluthi mbili yake ni muda wa kulegea na kujaa. Ukipanda mlima mapigo yakafika 120, pigo lina nusu sekunde, na kinachopunguzwa zaidi ni ule muda wa kujaa, ambao unabaki chini ya nusu ya ulivyokuwa. Moyo unaolegea haraka hauoni tabu. Unaochelewa unajikuta pigo jipya limefika kabla haujafunguka. Damu inarudi nyuma, kwenye chumba cha juu kilichotanuka, kwenye mapafu. Tambarare ya sokoni alikuwa hahemi, kwa sababu mapigo 94 bado yalimwachia nafasi. Penye mparachichi nafasi ilikuwa imekwisha. Akisimama, mapigo yanashuka, moyo unapata muda, anaendelea. Alikuwa anajitibu mwenyewe kwa kusimama, mara tano kila asubuhi.

Ule muda mrefu wa kujichaji kwenye umeme wa moyo nao unaingia hapa, maana kujichaji ni potasiamu kutoka kupitia matundu ya utando, na kwenye kisukari baadhi ya matundu hayo hupungua.

Moyo wa ng'ombe na kaswende

Tando za ndani zaidi ziko kwenye mitokondria, mahali nishati inapotengenezwa. Utando wa ndani wa mitokondria una mafuta ya peke yake yaitwayo kadiolipini, yenye mikia minne badala ya miwili. Mary Pangborn aliyatenga mwaka 1942 kutoka kwenye moyo wa ng'ombe, na lengo halikuwa moyo kabisa: alikuwa anatafuta kitu cha kuboreshea kipimo cha kaswende. Ndiyo maana kipimo cha VDRL, ambacho mama zetu wengi walichukuliwa damu yake wakiwa wajawazito, kilitegemea mafuta ya moyo wa ng'ombe. Hupenda kuwaambia wanafunzi jambo hili saa nane mchana wanapoanza kusinzia.

Kadiolipini huzishikilia pamoja protini zinazotengeneza ATP. Kwenye wanyama wenye kisukari, huanza kupungua na mikia yake kubadilika mapema sana, kabla moyo haujaonyesha dalili. Mashine zikilegea, nishati inapungua na cheche za oksijeni zinaruka, nazo zinaunguza mafuta ya tando nyingine. ATP ikipungua, pampu zote nilizozitaja zinakosa malipo.

Tulichofanya

Rafiki yangu mmoja, daktari mwenye busara kuliko mimi katika mengi, alinisikiliza mpaka hapo akaniuliza, "Na mama atafaidika nini na kadiolipini? Mpe dawa ya kukojoa, mwambie apunguze chumvi, nenda kalale." Dawa ya kukojoa nilimpa. Furosemidi ilimtoa kilo nne za maji kwa wiki moja na mto mmoja ukarudi kabatini. Lakini mambo mengine yasingefanyika kama ningeendelea kufikiria mabomba tu.

La kwanza ni glibenklamidi. Dawa hii hufanya kazi kwa kufunga matundu ya potasiamu kwenye utando wa seli za kongosho, ndipo insulini inatoka. Moyo nao una matundu ya ukoo huohuo, yanayofunguka moyo unapokosa oksijeni ili kuupunguzia kazi, na glibenklamidi haichagui vizuri kati ya kongosho na moyo. Glikilazidi, dawa ya ukoo wake, huchagua vizuri zaidi. Isitoshe, nilipouliza kwa utulivu, ilitokea kwamba mama alikuwa ametetemeka na kutokwa jasho sokoni mara tatu, akapewa soda na wenzake, akadhani ni uchovu; mara moja muuza dawa wa jirani alimpima akamkuta na sukari ya 2.9 tu, ya chini mno. Shirika la Afya Duniani linashauri glibenklamidi isitumike kwa waliopita miaka 60, na yeye alikuwa anakaribia. Tuliiondoa.

La pili, potasiamu ile ya 5.1. Nilitaka kumpa spironolaktoni, dawa nyingine ya kutoa maji, juu ya losatani ya presha aliyokwisha kuanza. Zote mbili hupandisha potasiamu, na huyu ni mtu anayekula ndizi asubuhi, mchana na jioni, ndizi za kupika zikiwa na potasiamu nyingi. Kumwambia mwanamke wa Rungwe aache ndizi ni kumwambia aache kula. Tukaacha spironolaktoni. Nikamfundisha kuzichemsha na kumwaga maji ya kwanza, jambo alilolipokea kwa uso wa mtu anayesikiliza kufuru, kisha akafanya. Insulini yenyewe ni dawa ya potasiamu, kwa kuwa huichochea ile pampu ya Skou iiingize ndani ya seli. Ndiyo maana mwenye kisukari anayekosa insulini anaweza kuwa na potasiamu ya juu kwenye damu huku mwilini akiwa nayo pungufu.

La tatu lilikuwa magadi. Chumvi alikuwa ameacha kweli, binti aliapa. Miguu ikaanza tena kuvimba. Tuliipata jikoni kwa maswali: maharage na kande za nyumba ile hulainishwa kwa magadi, na magadi yana sodiamu ileile ya chumvi, imevaa nguo nyingine. Sodiamu ya chakula haiendi moja kwa moja kuijaza seli ya moyo; inavuta maji kwenye damu, na maji hayo ndiyo moyo mgumu unashindwa kuyapokea. Kuloweka maharage usiku kucha kulimaliza tatizo, na kuni zikapungua pia.

La nne ni empagliflozini, kidonge cha kisukari. Dawa za jamii hii zina asili ya kupendeza kwa watu wa nyanda zetu: kemikali mama yake, florizini, ilitolewa na wanakemia wa Ulaya mwaka 1835 kutoka kwenye gome la mti wa tufaha, mti ambao sasa unaoteshwa Makete na Njombe. Hufunga mlango wa SGLT2 kwenye utando wa mirija ya figo, mlango unaorudisha sukari na sodiamu kwenye damu, hivyo vyote viwili vinatoka na mkojo. Mwaka 2015 utafiti wa EMPA-REG uliwashangaza hata waliouandaa: vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 38 kwa watu wenye kisukari waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo na mishipa. Mwaka 2021 ikapimwa kwa watu wenye moyo kama wa mama huyu, unaosukuma vizuri na kulegea vibaya, na idadi ya waliokufa kwa moyo na mishipa au kulazwa kwa moyo kushindwa ikashuka kwa asilimia 21. Moyo hauna SGLT2 ya maana, kwa hiyo watu bado wanabishana juu ya namna unavyonufaika; wengine wanakitazama kibadilishaji kingine cha utando kinachoingiza sodiamu, wengine wanasema ni maji na mafuta tu.

Bei yake ndiyo iliyotupa shida. Watoto wake wanne walichangishana. Nilimwonya juu ya fangasi sehemu za siri, na kwamba siku akitapika au kushindwa kula aache kidonge hicho mara moja aje, kwa sababu damu inaweza kuwa na asidi hata sukari ikionekana nzuri.

Sindano ya insulini ya usiku aliikataa miezi miwili. "Sindano ni ya watu wanaokwenda," alisema, na hakumaanisha safari. Aliikubali jirani yake alipomwonyesha ya kwake, iliyofukiwa kwenye chungu chenye mchanga mbichi pembeni ya ndoo ya maji. Dakika kumi za jirani zilifanya kazi kuliko miezi yangu miwili.

Baada ya miezi mitano

HbA1c ilishuka hadi 8.1. Bado si nzuri. Potasiamu 4.6. Presha 126/78, mapigo 78. Eko ilirudiwa na kwa kweli haikubadilika sana: kuta zilikuwa na milimita zilezile, chumba cha juu kilekile, kulegea kumeboreka kidogo tu. Mwanafunzi mmoja alisikitika kwamba picha haikupona. Tando zilizoharibika kwa miaka 11 haziwezi kurudi kwa miezi mitano, na baadhi ya kovu lililoingia kati ya seli halitarudi kabisa. Kilichobadilika ni mapigo kushuka, maji kupungua na mama kujua wakati wa kusimama.

Siku ya kliniki aliingia akihema kidogo kwa sababu ya ngazi, akaketi, nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Mlangoni alikuwa ameacha mkungu mzima wa ndizi, mkubwa kuliko ninavyoweza kuubeba mimi.

Nikamuuliza kwa ukali kidogo nani ameubeba.

"Bodaboda," akasema. Kisha, akitazama pembeni: "Kutoka barabarani. Kutoka bondeni mpaka barabarani nimeubeba mwenyewe. Nimesimama mara mbili."

Niliandika kwenye faili: mara mbili, na mzigo.